Chemshabongo za gazetini zipimwe kwa programu kabla ya kuchapwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme machache kuhusu ukurasa wa chemshabongo, ukurasa ambao wasomaji wengi huufungua kabla ya habari za siasa na za mpira. Ombi letu ni hili: fumbo lolote la hesabu au la mantiki lisichapwe mpaka programu fupi ya kompyuta ihakikishe kwamba lina jibu, na kwamba jibu hilo ni moja tu. Siku hizi magazeti na makundi ya simu yamejaa mafumbo yaliyotungwa harakaharaka. Mengine hayana jibu kabisa, mengine yana majibu zaidi ya kumi, na anayeumia ni msomaji. Amekaa saa nzima, amepata jibu linalotimiza masharti yote, kisha toleo linalofuata linatoa jibu jingine na kumwacha akiamini kwamba hesabu haimfai. Mtoto wa darasa la saba akifanyiwa hivyo mara mbili, ukurasa huo haufungui tena.

Kuthibitisha fumbo hakuhitaji mtaalamu wala mashine ya bei kubwa. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ni ya bure. Kwenye simu ya Android ipo programu iitwayo Pydroid 3 ambayo ikishawekwa inafanya kazi bila intaneti. Mafumbo karibu yote ya ukurasa wako yanapimika kwa mistari sita hadi thelathini. Tutaonyesha kwa mifano, na pia tutaeleza mahali ambapo watu hukosea, maana programu iliyokosewa inaweza kudanganya kwa uso mkavu kuliko mtungaji mwenyewe.

Tuanze na mafumbo ya herufi. Mwaka 1924 Mwingereza Henry Dudeney alichapisha katika jarida la Strand la London fumbo la SEND + MORE = MONEY. Kila herufi inasimama badala ya tarakimu moja, herufi mbili tofauti haziwezi kuwa na tarakimu ileile, na namba haianzi na sifuri. Jibu ni 9567 + 1085 = 10652, wala hakuna jingine. Watu wanalirudia hadi leo kwa sababu maneno yana maana, na jibu ni moja.

Watungaji wetu hupenda kuiga, na si vibaya. Lakini tazama fumbo hili: MOJA + MOJA = MBILI. Linapendeza, linatamkika, na halina jibu. Jumla ya namba mbili za tarakimu nne haifiki 20,000, kwa hiyo ikiwa na tarakimu tano lazima ianze na 1, na M ni 1. Lakini M ndiyo inayoanza MOJA pia, kwa hiyo MOJA iko chini ya 2,000, na mara mbili yake haifiki hata 4,000. MBILI ina tarakimu tano. Basi, limekwama. Msomaji mwenye uzoefu ataligundua hilo kwa dakika mbili; wengine watahangaika Jumapili nzima.

Sasa chukua KULA + KULA = SHIBA. Hili lina majibu, na taabu yake ni kwamba yamezidi. Programu ya kuyatafuta ni hii:

for n in range(5000, 10000):
    kula = str(n)
    shiba = str(n + n)
    if kula[3] == shiba[4]:
        if len(set(kula + shiba)) == 8:
            print(kula, shiba)

Tunamwomba fundi wako wa kupanga kurasa asiiguse nafasi iliyo mwanzoni mwa kila mstari. Python husoma nafasi hizo kama sehemu ya maagizo. Zikisawazishwa ili safu ya gazeti ionekane nadhifu, programu haitakubali kuanza. Kwa sababu hiyohiyo hatukuweka alama za kunukuu, maana mitambo ya uchapaji huzipinda, na zikipindwa Python huzikataa.

Mstari wa kwanza unapitia namba zote kuanzia 5000 hadi 9999. Chini ya 5000 hakuna haja, kwa sababu mara mbili yake haifikishi tarakimu tano. Mstari wa pili na wa tatu unageuza KULA na SHIBA kuwa maandishi ili tuweze kuchungulia tarakimu mojamoja. Python huhesabu nafasi kuanzia sifuri, kwa hiyo kula[3] ni herufi ya nne ya KULA na shiba[4] ni ya tano ya SHIBA. Zote mbili ni A, na lazima zilingane. Mstari wa tano unaunganisha maneno hayo mawili, unapata herufi tisa, unatupa zilizojirudia na kuhesabu zilizobaki. A imejirudia mara moja, kwa hiyo zikibaki nane kamili tunajua kwamba herufi nyingine zote zimepata tarakimu tofauti. S na H zinahesabiwa kuwa herufi mbili, si sauti moja, na fumbo lichapwe likisema hivyo.

Iendeshe. Itatoa mistari 15 kabla hujapepesa jicho. Wa kwanza ni 6390 na 12780, wa mwisho ni 9360 na 18720, na katikati yake kuna mengine kama 7820 na 15640. Yote kumi na tano ni sahihi. Gazeti likichapa moja tu kati ya hayo kama ndilo jibu, wasomaji waliopata yale mengine kumi na manne wamedhulumiwa.

Dawa si kulitupa fumbo. Ongeza sharti moja, kisha pima tena. Ukiweka sharti kwamba KULA igawanyike kwa 11 bila baki, yaani kuongeza n % 11 == 0 kwenye programu, majibu 14 yanaanguka na linabaki moja: 7920 + 7920 = 15840. Sharti la kugawanyika kwa 7 halitoshi, kwa sababu linaacha mawili, 6790 na 7280. Au mpe msomaji dokezo kwamba H ni 6, na jibu pekee ni 8270 + 8270 = 16540. Mtungaji hawezi kuyabahatisha mambo haya kichwani. Programu humwambia papo hapo.

Wengi wanaoanza huandika vitanzi vinane, yaani maagizo ya kurudiarudia kama ule mstari wetu wa for, kimoja kwa kila herufi, kila kimoja kikienda 0 hadi 9. Hapo kompyuta inapitia michanganyiko 100,000,000, na simu ya kawaida itapata moto kabla ya kumaliza. Ukiondoa michanganyiko yenye tarakimu zilizojirudia inabaki 1,814,400. Lakini SHIBA haina uhuru wowote: ukishaijua KULA, SHIBA umeijua. Ndiyo maana programu yetu inajaribu namba 5,000 tu. Kabla ya kuandika mstari wowote, jiulize ni kipi kinachochaguliwa na ni kipi kinachofuata chenyewe, kisha zungusha kile kinachochaguliwa peke yake.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa kuwa halipigi kelele. Mtu huandika shiba = str(n) + str(n). Alama ya kujumlisha kati ya maandishi haijumlishi, inaunganisha, kwa hiyo 7920 inakuwa 79207920. Programu itaendeshwa bila onyo lolote na haitachapa kitu, na mtungaji ataamini kwamba fumbo halina jibu. Kinga yake ni kuijaribu programu kwanza kwa fumbo ambalo jibu lake linajulikana. Isipolitoa 9567 + 1085 = 10652 la Dudeney, usiiamini kwa fumbo lako.

Mafumbo ya wakweli na waongo ni mafupi zaidi, lakini yana mtego mmoja ambao tumeuona ukirudiwa mara nyingi. Chukua lililo jepesi: katika kisiwa fulani kila mtu ama husema kweli daima au husema uongo daima. Juma, akiwa na Asha, anasema, "Sisi sote wawili ni waongo." Nani ni nani? Watu ni wawili, hali ni nne, na programu inazipitia zote. Mtungaji asiye makini huandika sharti kwamba Juma akiwa mkweli basi kauli yake ni ya kweli, akaishia hapo. Programu inampa majibu mawili: Juma mwongo na Asha mkweli, au wote wawili waongo. La pili haliwezekani, kwa kuwa mwongo angekuwa amesema kweli. Sharti kamili ni la usawa: ukweli wa Juma ulingane na ukweli wa kauli yake, pande zote mbili, yaani alama ya == kati ya hivyo viwili. Ukiandika hivyo linabaki jibu moja, Juma mwongo na Asha mkweli. Watu wakiwa kumi hali ni 1,024 tu, na programu ni ileile.

Fumbo la kuvuka mto kila nyumba inalijua. Kwetu mtu ana chui, mbuzi na majani. Ulaya limeandikwa tangu zama za Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804, kwa mbwamwitu, mbuzi na kabichi. Mtumbwi unabeba mwenyewe na kitu kimoja. Chui akiachwa na mbuzi atamla, mbuzi akiachwa na majani atayala. Kompyuta haijui mto wala mbuzi, kwa hiyo kila hali iandikwe kwa tarakimu nne za 0 au 1: mtu yuko ng'ambo gani, chui, mbuzi, majani. Hali zote ni 16. Ukiondoa zile ambazo mbuzi yuko na chui au na majani bila mwenyewe, zinabaki 10.

Hapo unaweka foleni. Hali ya mwanzo, 0000, inaingia kwanza. Unatoa iliyo mbele, unaangalia kila mvuko unaoruhusiwa, na kila hali mpya inakaa nyuma ya foleni ikiwa na kumbukumbu ya ilikotoka. Ukifika 1111 unafuata kumbukumbu kurudi nyuma na unapata safari nzima: mivuko 7. Njia ziko mbili, kwa sababu baada ya kumvusha mbuzi unaweza kuanza na chui au na majani. Foleni ndiyo inayokuhakikishia kwamba 7 ndiyo chache kabisa. Ukitoa kilichoingia mwisho badala ya kilichoingia mwanzo, jibu utalipata, lakini katika mafumbo makubwa zaidi ya hili linaweza kuwa na mivuko mingi kuliko inavyotakiwa, na gazeti litachapa "njia fupi" ambayo si fupi. Na usipoweka orodha ya hali ulizokwisha kuzipitia, programu itajaza foleni kwa kumpeleka mbuzi na kumrudisha, tena na tena. Ukiiuliza swali lisilo na jibu haitasimama kamwe.

Ipo pia simulizi ya Kiswahili ambamo mgeni anapewa na sultani chui, mbuzi na majani avuke navyo. Mtumbwi wake unabeba yeye na vitu viwili, lakini vitu vyovyote viwili haviruhusiwi kuachwa pamoja. Katika programu ileile unabadilisha mambo mawili tu, uwezo wa mtumbwi na orodha ya jozi zilizokatazwa, na jibu ni mivuko 3: vusha viwili, acha kimoja, rudi na cha pili, kisha vuka nacho pamoja na kile kilichobaki. Sasa changanya masimulizi, kama wanavyofanya baadhi ya watungaji: mtumbwi wa kitu kimoja, na jozi zote tatu zimekatazwa. Halina jibu, maana ukibeba kimoja tayari umeacha viwili pamoja. Foleni itaisha bila kufika 1111, na programu itasema hivyo. Haya ni mafumbo matatu yanayofanana kwa sura, na majibu yao ni 7, 3 na hakuna. Mhariri anayesoma haraka hawezi kuyatofautisha kwa macho.

Mafumbo ya madumu ya maji ni ya namna hiyohiyo. Dumu la lita 5 na la lita 3 hupima lita 4 kwa hatua 6, lakini la 9 na la 6 halitapima 4 hata ukimwaga bahari nzima, kwa kuwa kila kiasi unachopata kinagawanyika kwa 3.

Tuje kwenye malkia wanane wa sataranji, kwa sababu hapo ndipo mbinu ya kurudi nyuma inaonekana vizuri. Mjerumani Max Bezzel aliuliza mwaka 1848: waweke malkia wanane kwenye ubao wa miraba 64 bila yeyote kumshambulia mwenzake, yaani wawili wasikae safu mlalo moja, safu wima moja wala mshazari mmoja. Mwaka 1850 Franz Nauck alitoa majibu yote 92. Ukijaribu kila namna ya kuchagua miraba 8 kati ya 64 una namna 4,426,165,368. Ukikubali kwamba kila safu mlalo ina malkia mmoja, zinashuka hadi 16,777,216. Ukikataza pia wawili kukaa safu wima moja, ni 40,320. Na ukiwaweka mmoja baada ya mwingine, ukiacha njia mara tu inapoziba, kompyuta inaweka malkia mara 2,056 tu na inayapata yote 92. Mshazari unapimwa kwa kutoa: tofauti ya safu mlalo ikilingana na tofauti ya safu wima, bila kujali alama ya kutoa, malkia hao wanashambuliana. Anayesahau kuondoa alama ya kutoa hupima mshazari mmoja na kuuacha wa pili, na majibu yake huzidi 92.

Kwa mhariri, fumbo hilo lina jambo la ziada. Ukiuliza "kuna majibu mangapi?" bila kusema kama ubao uliogeuzwa au kuonekana kama kwenye kioo unahesabiwa kuwa jibu jipya, msomaji mmoja atasema 92 na mwingine 12, na wote wawili wako sahihi. Swali likae wazi kwenye karatasi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sudoku, na tungependa kukaa hapa kidogo kwa kuwa ndiyo inayochapwa zaidi. Mchezo huu, wa kujaza gridi ya miraba 9 kwa 9 kwa namba 1 hadi 9 bila namba kujirudia katika safu mlalo, safu wima wala kisanduku cha 3 kwa 3, ulitungwa na Mmarekani Howard Garns mwaka 1979, ukapata jina na umaarufu Japani kuanzia 1984, lakini ulienea kwenye magazeti ya dunia kupitia programu ya kompyuta. Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong mzaliwa wa New Zealand, alitumia miaka kama sita kuandika programu ya kuzalisha sudoku, na gazeti la The Times la London likaanza kuzichapa Novemba 2004. Kwa hiyo kupima kwa kompyuta si jambo geni linalotaka kuingizwa kwa nguvu. Sudoku ya gazetini ilizaliwa humo.

Sudoku halali ina jibu moja. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha kwa kompyuta kwamba hakuna sudoku yenye namba 16 za mwanzo iliyo na jibu moja. Chini kabisa ni 17. Ukiona gridi yenye namba 15 ikisifiwa kuwa "ngumu kupindukia", ujue si halali. Lakini kuwa na namba nyingi hakukuokoi. Inawezekana gridi ikajazwa miraba 77, ikabaki 4 mitupu, na bado ikawa na majibu mawili.

Tazama inavyotokea. Katika safu mlalo ya 1, mraba wa kwanza ni 3 na wa nne ni 8. Katika safu mlalo ya 2, mraba wa kwanza ni 8 na wa nne ni 3. Badilisha: 8 na 3 juu, 3 na 8 chini. Kila safu mlalo bado ina 3 yake na 8 yake, kila safu wima pia, na kisanduku cha kwanza na cha pili navyo havijabadilika idadi. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Ikiwa miraba hiyo minne yote imeachwa mitupu, msomaji hana namna ya kujua ipi ni ipi, na atabahatisha. Kutibu ni rahisi: chapa mmoja kati ya hiyo minne kama namba ya mwanzo, na mingine mitatu inajipanga. Ila mtu aliyetunga gridi kwa kufutafuta namba kutoka gridi iliyojaa haoni mstatili huo, kwa sababu yeye tayari ana jibu mbele yake.

Programu ya kupima inafanya hivi. Inatafuta mraba mtupu. Usipokuwepo, inaongeza 1 kwenye hesabu ya majibu. Ukiwepo, inajaribu namba 1 hadi 9. Inayoruhusiwa inaiandika, inajiita yenyewe ili iendelee na mraba unaofuata, na ikirudi inaufuta mraba huo kuwa sifuri kabla ya kujaribu namba nyingine. Hesabu ikifika 2, inasimama. Tofauti kati ya programu ya kutatua na programu ya kupima iko hapo: ya kutatua husimama kwenye jibu la kwanza, ya kupima lazima iendelee kulitafuta la pili. Magazeti yanayosema "tumeipima kwa kompyuta" na bado yanachapa gridi mbovu mara nyingi yametumia ile ya kutatua. Wala usiiache ihesabu yote bila kikomo. Gridi tupu ina majibu 6,670,903,752,021,072,936,960, hesabu iliyotolewa na Felgenhauer na Jarvis mwaka 2005, na hakuna simu itakayoyafikia. Ikiwa programu ni nzito, ichague kwanza mraba wenye namba chache zinazowezekana badala ya kwenda kwa mpangilio wa kusoma. Tofauti yake ni kubwa mno, hasa kwa gridi zenye namba chache.

Makosa manne hujirudia hapa. La kwanza ni kusahau kufuta mraba baada ya kurudi. Programu inasema jibu hakuna, kumbe lipo. La pili ni kuhifadhi jibu bila kutoa nakala. Ukiweka gridi yenyewe kwenye orodha ya majibu, kurudi nyuma kutaifuta, na mwisho unakuta orodha yenye sifuri pale palipokuwa na jibu. Hifadhi nakala ya kila safu. La tatu ni alama ya kugawa. Mwanzo wa kisanduku cha 3 kwa 3 hupatikana kwa 3 * (r // 3), kwa mikwaju miwili, r ikiwa namba ya safu ikihesabiwa kuanzia sifuri. Mkwaju mmoja katika Python 3 unatoa desimali, na programu inakataa au inasoma kisanduku kisicho chake.

La nne ndilo linalohusu chumba cha habari moja kwa moja. Mpiga chapa akikosea, akaweka 5 mbili katika safu mlalo moja, programu nyingi hazitaona, kwa sababu zinapima namba mpya tu, si zile za mwanzo. Safu hiyo inabaki na miraba saba ya kujazwa kwa namba nane zilizosalia, na inaweza kujazwa. Programu itatoa "jibu" lenye 5 mbili bila aibu. Kwa hiyo zipimwe kwanza namba za mwanzo zenyewe, na zipimwe kutoka kwenye ukurasa uliokwisha kupangwa tayari kwa mtambo, si kutoka kwenye karatasi ya mtungaji. Kosa la uchapaji huingia baada ya mtungaji kumaliza kazi yake.

Wapo watakaosema kompyuta itaua ubongo wa msomaji. Hatuombi msomaji atumie programu. Tunaomba gazeti litumie. Na hata anayeandika programu bado analazimika kufikiri. Kompyuta ikiulizwa kuhusu MOJA + MOJA = MBILI inakaa kimya tu. Sababu kwamba M haiwezi kuwa 1 ilitoka kichwani, na inamtosha mtoto aliyesoma kujumlisha. Kwa walimu wenzetu wa shule za sekondari, mafumbo haya ni somo la kwanza zuri la programu kuliko kuchapa jina lako mara kumi, kwa sababu mwanafunzi anajua mapema jibu linavyopaswa kuonekana na anaweza kuibana programu yake inapokosea.

Tunachopendekeza kwa ukurasa wako kinatekelezeka wiki hii. Kila fumbo lije na masharti yake yameandikwa kwa ukamilifu: herufi tofauti, tarakimu tofauti, hakuna namba inayoanza na sifuri, ubao uliogeuzwa unahesabiwa au hauhesabiwi. Mtungaji alete na programu yake, au aeleze alivyopima. Mtu mmoja wa chumba cha habari, asiye mtungaji, aiendeshe upya kwa ukurasa uliopangwa. Na kwenye kona ya fumbo pachapwe maneno mawili, "jibu moja", au idadi ya majibu ikiwa swali linaruhusu mengi. Gridi au fumbo likipita na kosa, toleo linalofuata litoe majibu yote sahihi, na waliotuma lolote kati ya hayo wahesabiwe kuwa wamepata.

Ni sisi wasomaji wako,
Walimu wa hisabati na kompyuta,
Tanga